Jina la Mama Kwenye Orodha ya Maskini

Leodegar Ndunguru alikwenda kwenye mkutano wa mtaa Jumamosi ile akiwa na kazi moja tu kichwani: kuwazibia njia wavivu. Alifunga duka lake la vifaa vya ujenzi saa tatu asubuhi, jambo ambalo hata siku ya msiba hulifanya shingo upande, akavaa shati lake la kanisani na kuchagua kiti cha mstari wa mbele kabisa, mkabala na meza ya mwenyekiti. Mtu akitaka kupinga lazima aonekane.

Siku ile yalikuwa yanasomwa majina ya kaya maskini. Wiki iliyotangulia, kamati ya wananchi watano ilipita nyumba kwa nyumba kwenye vilima vyote vya mtaa wao huko Goba, ikauliza maswali na kuandika. Waliopita mchujo wangepata ruzuku kidogo kila baada ya miezi miwili, pamoja na kadi ya matibabu ya mwaka mzima. Lakini kwanza kila jina lisomwe hadharani, mwenye jina asimame aonekane, na jirani mwenye pingamizi anyooshe mkono. Ukinyamaza, umeshuhudia kwamba jirani yako ni maskini. Haya mambo yana fedheha yake, asikudanganye mtu. Wapo waliolala njaa mwaka mzima lakini siku ya kusimama wakabaki nyumbani na kufunga milango.

Leodegar hakuwa mbahili wala mtu mwenye roho mbaya, nataka hilo lieleweke mapema. Msibani alikuwa wa kwanza kutoa turubai. Ila alikuwa na imani yake, na imani hiyo aliipata kwa jasho. Alipokuwa kijana alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo. Mchana alikula chakula cha kiwanda, akiumwa alitibiwa zahanati ya kiwanda, jioni alirudishwa nyumbani kwa basi la kiwanda, na aliamini kabisa atazeeka humo. Kisha kiwanda kikauzwa. Yeye na wenzake mia tatu wakapewa barua asubuhi moja, wakaambiwa wamepunguzwa. Alikaa chumbani kwake Mwananyamala miezi minane akimngoja mtu aje amweleze kitakachofuata. Hakuja mtu. Mwisho akachukua kile kiinua mgongo kiduchu, akanunua gunia la misumari, akaanza kuipima kwa kilo kando ya barabara.

Misumari ikazaa mabati, mabati yakazaa saruji, saruji ikazaa nyumba yenye vigae na geti la chuma. Tangu hapo ukimgusa kidogo tu atakwambia, "Serikali si mama yako." Alilisema neno hilo kwa wateja, kwa mafundi, kwa mabinti wa vikoba waliokuja kukopa rangi. Zaidi ya wote alimwambia Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo alikuwa muuguzi mstaafu, mtoto wa Mwananyamala wa kuzaliwa, mwanamke mwenye miwani minene na ulimi usiokopesha. Kila alasiri alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye benchi la duka la Leodegar, kunywa kahawa chungu na kugombana naye kwa raha zake.

"Kila mtu akibebwa, Bi Mwanakombo, nani atabeba?" Leodegar angeanza. "Msaidieni aliye hoi kabisa. Tena mchunguzeni kwanza. Wengine wapeni mtaji wakahangaike."

"Kumchunguza ndiyo kumdhalilisha," Bi Mwanakombo angejibu. "Mie nimefanya kazi wodini miaka thelathini na sita. Mgonjwa akishaanza kuulizwa ana nini mfukoni kabla hajaulizwa anaumwa nini, hapo hakuna nchi. Kitu kikiwa cha wote, wote tutakilinda. Ukikifanya cha maskini peke yao, siku moja watakuja wenye nacho wakikate, kwa sababu wao hakiwahusu."

"Hayo ni ya zamani, mama. Zamani yenyewe ilifilisika."

"Na sasa mmetajirika nyie, siyo?"

Wakacheka, kahawa ikamalizika, kesho yake wakarudia palepale.

Lakini siku moja, juma lile la kuandikisha, Bi Mwanakombo, ambaye alikuwa mmoja wa wale watano wa kamati, alikaa kwenye benchi bila kugombana. Akazungusha kikombe mkononi, akauliza, "Baba Clara, mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Yupo na biashara yake."

"Umemwona lini?"

"Nakaa naye, Bi Mwanakombo! Nitamwona lini tena?"

Bi Mwanakombo akaweka kikombe chini, akaaga. Leodegar akadhani labda ni sukari imempanda.

Huyo mama yake Leodegar aliitwa Auleria Komba. Alikuja Dar miaka minne iliyopita, baada ya kumzika mumewe kule Mbinga. Leodegar alimjengea chumba uani, kizuri, chenye bati jipya na taa mbili, na kwa miezi mitatu ya kwanza bibi alikula mezani nyumba kubwa, akipunguziwa chumvi na kutafutiwa mboga laini kwa ajili ya meno. Kisha Leodegar akaanza kuona vibaya. Aliona mama anashinda kwenye ngazi akichambua mchele usio na mawe, akaona uvivu unamnyemelea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa niambieni, ni wahenga gani waliosema mama ni mgeni? Lakini mwenzetu alishaamua. Akanunua friza dogo, jiko la mkaa na sufuria tatu, akavipeleka uani mwenyewe.

"Mama, shule iko hapo tu. Uza barafu na juisi ya ukwaju. Utapika unachotaka, utakula saa unayotaka, hutamtegemea mtu."

Bibi Auleria akasema, "Asante, baba." Angesema nini? Mama wa Kimatengo akipewa kitu na mwanawe hupokea kwa mikono miwili.

Leodegar aliisimulia habari ile kwenye jumuiya ya kanisani kama ushuhuda, watu wakasifu. Tangu hapo, kila Jumapili wakitoka misa, alimuuliza, "Mama, biashara?" Naye akajibu, "Inaenda." Basi, hesabu ikafungwa. Leodegar akarudi dukani, mkewe Jovina, mwalimu wa shule ya msingi, akarudi kwenye madaftari yake, na Clara, binti yao wa pekee, alikuwa mbali chuoni Dodoma.

Sasa turudi mkutanoni. Afisa wa mradi wa ruzuku hiyo, dada mmoja mpole aitwaye Farida, ndiye aliyesoma majina. Yalipita majina kumi na tano bila tabu. La kumi na sita likawa la Sadallah, fundi wa kupaua aliyedondoka kutoka juu ya paa mwaka jana na kuvunjika nyonga. Alisimama kwa kujikongoja, mikono yote miwili kwenye fimbo.

Leodegar akanyoosha mkono.

"Sina ugomvi na ndugu yangu Sadallah," alisema, akageuka ili wote wamsikie. "Amenunua mabati kwangu miaka mingi. Lakini huyu ana mtoto wa kiume mzima, yuko machinjioni Vingunguti, ana kazi. Mwenye mtoto mzima mwenye kazi ni maskini wa wapi? Tukiwaandika hawa, watoto wetu watajua wazazi ni mzigo wa serikali."

Wengine wakapiga makofi. Sadallah alitaka kusema neno, akaona watu wanavyomwangalia, akakaa. Farida akaandika kitu, akasema jina hilo linawekwa pembeni kwanza. Leodegar akajipangusa jasho. Alijisikia vizuri, kusema kweli.

"Kumi na saba," Farida akaendelea. "Auleria Komba. Miaka sabini na sita, mjane. Kaya ya mtu mmoja."

Leodegar akageuka nyuma kwa udadisi amwone huyo Auleria mwingine. Jina hilo si la kawaida Dar, akafikiri huenda ni mtu wa kwao, pengine hata ndugu. Mstari wa mwisho, kando ya ukuta, mwanamke mmoja mwembamba alikuwa anasimama taratibu, ameshika bega la aliyekaa mbele yake. Alivaa kitenge cha kijani ambacho Leodegar mwenyewe alimnunulia Pasaka.

Damu ilimwishia. Mama yake! Mama yake mzazi, amesimama mbele ya mtaa mzima kama mtu wa kuombewa! Alitaka kucheka, maana hili lilikuwa kosa la wazi, mtu kachanganya karatasi, na sasa hivi watu wote wangepasuka kwa kicheko wakisema, huyu si mama wa bosi Leodegar?

Hakuna aliyecheka. Na hapo ndipo mshtuko wenyewe ulipomwingia hasa, kuliko ule wa kwanza. Watu karibu mia mbili walikuwa wameinamisha macho, wengine wakichezea simu, wengine wakikwaruza vumbi kwa kandambili. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Muuza mkaa hakushangaa, wala mwenye duka la jirani, wala katekista wa jumuiya yake. Walikuwa wanajua, wote, na yeye anayekaa naye geti moja ndiye mgeni wa habari hiyo.

Mkono wake ukapanda wenyewe.

"Una pingamizi, baba?" Farida akauliza.

"Huyu ni mama yangu mzazi."

"Tunafahamu, baba."

"Anakaa kwangu! Ndani ya geti langu. Mmemwandikaje mtu wa peke yake?"

"Sie hatuhesabu geti, baba. Tunahesabu chungu. Wanaopika pamoja na kula pamoja, hao ndio kaya moja." Farida hakupandisha sauti. "Ukituambia hapa mbele ya wananchi kwamba mnakula chungu kimoja, tunalifuta jina sasa hivi. Mnakula chungu kimoja?"

"Ana biashara yake. Na chakula anapelekewa."

"Na nani?"

"Mke wangu."

"Jana alipelekewa nini?"

Leodegar alijua bei ya nondo za milimita kumi na mbili kwa kila duka kutoka Goba hadi Tegeta. Alijua nani anadaiwa tofali ngapi. Jana mama yake alikula nini, hakujua. Juzi je? Hakujua pia. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho aliyoona moshi kwenye lile jiko la uani, akakuta hana cha kukumbuka.

"Na Sadallah mlimtoa kwa sababu ana mtoto!" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma. "Huyu naye ana mtoto, tena wa geti la chuma!"

Minong'ono ikaanza kukua. Bi Mwanakombo akainuka kutoka benchi la kamati, akamsogelea Leodegar na kusema kwa sauti ya chini, ile ya wodini, "Kaa chini, mdogo wangu. Friza lile limekufa tangu mwezi wa tano."

Ilikuwa mwezi wa pili. Miezi tisa.

"Niacheni nami niseme," akasema Bibi Auleria.

Mwenyekiti akanyamazisha watu. Bibi hakuwa na sauti kubwa, ikabidi kila mtu ainame mbele kidogo.

"Leodegar, mwanangu, usione aibu. Sikuja kukushtaki. Wewe ni mtoto mwema, ukikumbuka unanipa. Pasaka ulikumbuka, kitenge hiki hapa." Akakishika. "Lakini njaa, baba, haingoji mtu akumbuke. Nikitaka kitu kwako, kwanza nausoma uso wako umerudije dukani. Ukiwa umekunja ndita, nanyamaza hadi kesho. Nimechoka kusoma uso wa mtu. Huyu Bi Mwanakombo alikuja na daftari, akaniuliza, bibi, jana umekula nini? Tangu niingie Dar hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamjibu. Akaniambia kuna kitu kinaandikwa, na kikishaandikwa ni changu, simwombi mtu wala simshukuru mtu. Nikasema basi niandike. Mie ndiye niliyesema, asilaumiwe."

Akabaki amesimama. Hakuambiwa akae, naye ni mtu wa kufuata utaratibu.

Leodegar alikuwa bado na mkono hewani. Neno moja tu lingetosha. Angesema, ndiyo, tunakula pamoja, na jina la mama yake lingefutwa mbele ya watu, na heshima yake ingerudi nusu, na yule bibi angerudi uani bila ruzuku na bila kadi ya matibabu, akiwa na sufuria tatu na ahadi ya mwanawe. Alimtazama mama yake. Alitazama vifundo vya miguu yake, vilivyovimba, ambavyo hakuwahi kuviona, au aliviona akadhani ni uzee. Alitamani ardhi ipasuke immeze na shati lake la kanisani.

Akashusha mkono.

"Sina pingamizi," alisema.

"Na la kwangu je?" Sadallah aliuliza kutoka kwenye kiti chake, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza chenji.

"Na hilo nimeliondoa."

Farida akaandika. Akatangaza kwamba kwa wiki mbili zijazo kamati ingerudi majumbani kwa ghafla kuhakiki, na atakayekutwa si mwenye hali aliyoitaja angefutwa moja kwa moja. Kisha akasoma jina la kumi na nane.

Leodegar hakungoja mwisho. Alipofika nyumbani alimkuta Jovina akisuka ukili sebuleni, akamrukia bila hata salamu.

"Mama unampelekea chakula au humpelekei?"

Jovina akashtuka. "Jumapili nampelekea. Siku nyingine si unamwachia hela?"

"Hela gani?"

"Ulisema mama anajitegemea, nisimwingilie. Nikajua unampa." Ukili ukamdondoka. "Kwani humpi?"

Wakaangaliana, mke na mume wa ndoa ya miaka ishirini na saba, kila mmoja akisubiri mwenzake ndiye awe amekosea. Jovina akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia, kisha akakurupuka kwenda jikoni.

Leodegar akaenda uani. Mlango haukufungwa. Mle ndani mlikuwa safi kupita kiasi, kama nyumba za watu wasio na vitu. Akafungua friza. Ndani mlikuwa na nguo za mama yake zimekunjwa vizuri, rozari, na picha ya baba. Juu ya jiko la mkaa, kwenye sufuria ndogo, palikuwa na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha vimefunikwa na sahani. Kimoja kilikuwa kimeumwa, kikarudishwa.

Alikaa kwenye kitanda, dirisha bado limefungwa. Humo ndimo mama yake alimomkuta.

"Umekaa gizani, baba. Washa taa, umeme upo kidogo."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza biashara." Bibi akavua kandambili, akazipanga kando ya mlango. "Hukuwahi kuniuliza mie."

Leodegar akalia. Sisemi alidondosha chozi, nasema alilia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Alipopata sauti akasema, "Kuanzia leo unakula ndani. Asubuhi, mchana, jioni. Mezani, na sisi. Nimekosa, mama."

Wakati huohuo Jovina akatokea uani, macho mekundu, amebeba sinia: wali, samaki wa nazi, mchicha, na ndizi mbivu mbili. Harufu ikajaa chumba. Bibi Auleria akamwangalia mkwewe, akaliangalia lile sinia. Kisha akasimama haraka kuliko walivyotarajia, akachungulia upande wa geti na kusukuma mlango nusu.

"Mama Clara, rudi nalo ndani, mwanangu. Haraka, kabla watu hawajaliona."

"Mama, ni chakula chako!"

"Najua, na kinanukia vizuri. Lakini hujasikia yule binti alivyosema? Wanakuja kuhakiki. Wakinikuta nakula chungu kimoja na nyie, wananifuta."

"Wakufute!" Leodegar akasema. "Nitakulisha mie, mama! Mie mwanao!"

Bibi akakaa kwenye kigoda chake, akavuta ile sufuria ya muhogo karibu.

"Ulinilisha miezi mitatu, baba. Tungoje uhakiki upite kwanza."

"Halafu?"

"Halafu tutaona," alisema, akifunua sahani, "kama utakuwa bado unakumbuka."